Poinsetia inapukutisha majani: niitupe, au itakuwa nyekundu tena?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kabla ya Krismasi nililetewa zawadi ya poinsetia, nyekundu kweli kweli, chungu chake kimefungwa karatasi ya dhahabu. Niliiweka mezani sebuleni, karibu na bakuli la matunda, na naimwagilia kila asubuhi bila kukosa. Sasa majani ya chini yamegeuka njano na kupukutika, na yaliyobaki yamelegea. Dada yangu anasema niitupe tu, kwamba hata ikipona haitakuwa nyekundu tena. Isitoshe ni sumu, na mimi nina mtoto wa miaka miwili na paka. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mama. Usiitupe kwanza. Kwenye sumu dada yako ametia chumvi. Kwenye wekundu ameona jambo la kweli lakini sababu imempita: poinsetia nyingi zinazobaki nyumbani hazirudi kuwa nyekundu, na lawama ni za taa za nyumbani, mmea hauna kosa. Nitafika huko, ila nianze na mtoto na paka, maana hao hawasubiri.

Habari kwamba poinsetia inaua ilianzia Hawaii mwaka 1919, kwa kisa cha mtoto mdogo aliyesemekana kufa baada ya kutafuna jani lake. Kisa chenyewe hakikuwahi kuthibitishwa, lakini kimetembea karne nzima. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa taarifa 22,793 zilizofikishwa kwenye vituo vya ushauri wa sumu nchini humo kuhusu watu waliokula au kugusa mmea huu. Hakuna aliyekufa, na zaidi ya asilimia 92 hawakupata dalili yoyote.

Hiyo haina maana kwamba ni mboga. Poinsetia ni ndugu wa karibu wa mnyaa, na kwenye ukoo huohuo mpana wamo mbono na muhogo. Vunja jani moja utaona utomvu mweupe unachuruzika. Wa mnyaa ni mkali, unaweza kuliumiza jicho vibaya sana. Wa poinsetia ni mpole kuliko huo, lakini huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na mwenye mzio wa mpira wa glavu na puto ajihadhari zaidi. Mtoto akitafuna jani, mara nyingi atakunja uso na kulitema kwa uchungu wake. Mfute mdomo, mpe maji, mwoshe mikono. Akimeza mengi anaweza kutapika au kuumwa tumbo. Paka naye hutokwa udenda, pengine akatapika kidogo, kisha akatulia. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, na maumivu yasipokoma mwende kwa daktari. Weka chungu mahali ambapo mtoto hafiki, na yule paka akizoea kupanda huko, basi mfungie mlango.

Sasa majani. Ukiisoma tena barua yako utaona umeshajijibu: "kila asubuhi bila kukosa". Poinsetia zinazokufa kwa kiu ni chache. Nyingi huuawa na mtu anayezipenda, kopo la maji mkononi. Mizizi hupumua hewa iliyo katikati ya punje za udongo. Udongo ukiwa umelowa muda wote, hewa hiyo haipo, mizizi inaanza kufa, na vimelea vinavyostawi kwenye majimaji, hasa Pythium, vinakuja kumalizia kazi.

Na hapo pana mtego unaowanasa hata watu wenye uzoefu. Mmea ulioozewa mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yake yanalegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Mwenyewe anaona umelegea, anaongeza maji. Kesho umelegea zaidi, anaongeza tena. Kwa hiyo kabla ya kuushughulikia, ingiza kidole kwenye udongo, sentimita mbili au tatu. Ukiwa mkavu na majani yamelegea, hiyo ni kiu, mwagilia na baada ya saa chache majani yatainuka. Udongo ukiwa umelowa na majani yamelegea, weka kopo chini. Tatizo liko kwenye mizizi.

Kagua hivi. Bana shina kati ya vidole viwili pale linapoingia udongoni, kiganja kikiziba udongo usimwagike, pindua chungu, kigonge taratibu kwenye ukingo wa meza, udongo utatoka mzima ukiwa na umbo la chungu. Mizizi yenye afya utaiona pembeni, myeupe au ya rangi ya maziwa, na inakatika kwa mlio ukiivuta. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukivuta mzizi mmoja ganda la nje linavuka na kukuachia uzi mwembamba kati ya vidole. Harufu nayo haifichiki. Ikiwa sehemu kubwa bado ni nyeupe, rudisha mmea chunguni na usiupe tone mpaka juu pakauke. Ikiwa nusu imeoza, kata iliyooza, badilisha udongo, weka mwepesi unaopitisha maji, na uvumilie wiki kadhaa. Ikiwa yote ni ya kahawia na shina limekuwa jeusi na laini chini, hapo dada yako atakuwa sahihi kuhusu kutupa.

Tangu sasa usimwagilie kwa kalenda. Inua chungu. Kikiwa kizito, achana nacho. Kikiwa chepesi na udongo wa juu ni mkavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke matundu ya chini, subiri robo saa, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Ndani ya wiki moja mkono wako utakuwa umeujua uzito wenyewe. Kwenye chumba cha joto inaweza kuwa kila baada ya siku tatu, kwenye chumba cha baridi hata wiki ikapita. Usiiache ikauke kabisa vilevile, kwa sababu ikilegea kwa kiu mara kwa mara nayo hupukutisha.

Karatasi ya dhahabu ivue. Najua ndiyo inayoipendezesha zawadi, lakini chini yake maji hayana pa kutokea, na mizizi inakaa ndani ya beseni usiloliona. Ukiipenda sana, toboa matundu kitakoni na uweke kisahani, au uivue kila unapomwagilia na kuirudisha baadaye.

Bakuli la matunda nalo lihamie meza nyingine. Matunda yanayoiva, ndizi na tufaha hasa, hutoa gesi ya ethilini, na poinsetia inaihisi haraka: vikonyo vinapinda, majani yanaelekea chini, kisha yanadondoka hata kama maji ni sahihi. Gesi hiyohiyo hujikusanya ndani ya mfuko wa plastiki ambao mmea huvalishwa dukani ili usivunjike njiani, kwa hiyo safari nyingine ukinunua, uvue mfuko mara tu unapofika nyumbani.

Mahali pazuri ni karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, jua la asubuhi likigusa hakuna shida, lakini majani yasigusane na kioo kama nje kuna baridi. Mchana nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi zinatosha, usiku pungufu kidogo. Chini ya nyuzi 10 mmea unaumia hata kama hakuna barafu. Upepo wa kiyoyozi, feni inayopuliza moja kwa moja, mlango unaofunguliwa kila dakika, hivyo vyote huipukutisha. Mbolea usiipe wakati huu. Mmea wenye mizizi iliyoumia ukipewa chumvi za mbolea unaungua zaidi.

Na hata ukifanya kila kitu vizuri, majani kadhaa yatadondoka baada ya sikukuu. Hilo lisikutishe. Asili ya mmea huu ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako ni kichaka cha mita tatu au nne, kinachochanua majira makavu na kubaki karibu mtupu baada ya hapo. Joel Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa kibalozi wa Marekani nchini Meksiko, ndiye aliyepeleka vipandikizi kwao South Carolina katika miaka ya 1820, na jina lake likabaki hapo. Ufupi na uduara unaouona chunguni ni kazi ya wakulima wa maua: wanakata ncha, na wengi wanaupa dawa za kuzuia urefu. Dawa ikiisha nguvu, mmea unakumbuka kuwa ni kichaka. Usishangae mwaka wa pili ukirefuka.

Tazama katikati ya ule wekundu. Kuna vikombe vidogo vya kijani na njano, vingine vina tone la asali tamu pembeni. Maua yenyewe ni hayo. Yote mekundu yanayoyazunguka ni majani yaliyobadilika rangi, na ndiyo sababu hukaa wiki nyingi kuliko petali za maua mengine. Vikombe vinapodondoka, msimu wa mmea umekwisha, na wekundu utaanza kufifia wenyewe. (Ukinunua tena, chagua ambao vikombe bado vimefumba. Ambao umeshamwaga chavua ya njano juu ya majani umebakiza siku chache za kupendeza. Na zile za buluu au zenye vimetameta zimepuliziwa rangi tu. Majani mapya yatatoka ya kijani, na siku yatakapogeuka mekundu au meupe ndipo utajua ulikuwa umenunua nini.)

Rangi ikishafifia, kwa kawaida kati ya Februari na Aprili, chukua mkasi mkali na ukate matawi yote yabaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kila kijiti kibakize macho manne hadi sita, yaani yale makovu ya majani yaliyodondoka, maana chipukizi hutokea hapohapo. Vaa glavu, tandaza gazeti, na ufute utomvu kwa kitambaa kibichi. Mmea utaonekana kama umekufa kwa wiki mbili tatu. Katika kipindi hicho maji yawe kidogo sana, kwa sababu hauna majani ya kuyatumia, na wengi huozesha mizizi hapa baada ya kuiokoa mwanzoni.

Chipukizi zikionekana, hamishia kwenye chungu kikubwa kidogo tu, kipana kwa sentimita mbili hadi tano kuliko cha kwanza. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haiyafikii. Anza mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili, yenye naitrojeni na pia kalsiamu na magnesiamu, maana poinsetia ina njaa kuliko inavyoonekana. Joto la nje likiwa la kutosha usiku na mchana, itoe nje, kwanza kivulini, halafu taratibu kwenye jua la nusu siku. Ukiwa mahali ambapo baridi kali haifiki, unaweza hata kuipanda ardhini na kuachana na mambo ya chungu, ila hapo kubali kwamba itachanua kwa ratiba yake.

Kila tawi likifikisha majani sita au saba, kata ncha yake libaki na manne. Patatokea matawi mawili au matatu pale lilipokuwa moja. Ukilenga Krismasi, ukataji wa mwisho uwe mwanzoni mwa Septemba. Ukikata baada ya hapo unakata maua. Ncha ulizozikata, zenye urefu wa sentimita nane hivi, zichovye kwenye maji utomvu ukome, uzichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Nyingi huota mizizi ndani ya mwezi. Ila aina nyingi za kisasa zina hati miliki, usianze kuziuza. Wadudu pekee wa kuangalia mara kwa mara ni inzi weupe na vidung'ata, wale wenye unga mweupe kwenye maungio. Geuza majani utazame upande wa chini, osha kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia baada ya wiki.

Sasa nirudi kwenye zile taa. Poinsetia huitwa mmea wa siku fupi, ingawa kinachopimwa hasa ni urefu wa usiku. Ndani ya majani kuna kemikali iitwayo fitokromu, ambayo mwangani huwa na umbo moja na gizani hurudi polepole kwenye jingine. Giza likiwa refu na lisilokatizwa, usiku baada ya usiku, majani yanapeleka ujumbe kwenye ncha kwamba wakati wa kuchanua umefika, na majani machanga yaliyo juu yanaota yakiwa mekundu. Taa ikiwashwa katikati ya usiku, hata kwa muda mfupi, ile hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mmea unaokaa sebuleni, mnakotazama televisheni hadi saa tano, unaamini kwamba siku ni ndefu mwaka mzima. Utastawi, utakuwa na majani mazuri ya kijani, na hakuna mbolea wala samadi itakayoubadilisha mawazo.

Mbali na Ikweta usiku huwa mrefu kuliko mchana wenyewe, kaskazini kuanzia mwishoni mwa Septemba, kusini kuanzia mwishoni mwa Machi. Ndiyo maana kule Brisbane, Australia, ambako poinsetia ni ua rasmi la jiji, za bustanini huwa nyekundu katikati ya mwaka. Karibu na Ikweta usiku ni wa saa 12 hivi siku zote, yaani mmea unakaa mpakani kabisa, na taa moja ya barazani inatosha kuuamulia. Popote ulipo, kama unataka rangi mwezi Desemba, usiutegemee usiku wa nje. Tengeneza wako.

Kuanzia mwisho wa Septemba au siku za kwanza za Oktoba, kila siku saa kumi na moja jioni, uingize mmea gizani, na uutoe saa moja asubuhi. Hizo ni saa 14. Endelea wiki nane hadi kumi. Giza liwe giza: kabati lisilofunguliwa, chumba cha stoo kisicho na dirisha, au boksi gumu la karatasi lililofunikwa juu yake na kuzibwa mishono kwa gundi ya karatasi. Plastiki nyeusi siipendi, inafukiza joto na unyevu, na joto la usiku likizidi nyuzi 22 au 23 rangi huchelewa hata kama giza ni kamili. Nyuzi 16 hadi 20 ndizo nzuri. Asubuhi urudishe kwenye mwanga mkali kabisa, kwa muda wa saa sita au zaidi, kwani wekundu wenyewe hutengenezwa kwa sukari ya mchana. Wenye giza zuri na mchana hafifu hupata rangi ya waridi iliyochujuka. Mbolea iendelee, lakini punguza rangi ikianza kuonekana.

Wanaoshindwa hushindwa kwa mambo madogo. Mtu anafunua saa mbili usiku kuchungulia kama rangi imeanza. Au familia inasafiri siku tatu na hakuna aliyeachiwa kazi. Mwingine anaweka mmea kwenye chumba kisichotumika bila kuzingatia kwamba taa ya mtaani inaingia kupitia pazia. Mimi hupendekeza uweke kengele ya simu, mara mbili kwa siku, na umkabidhi mtoto mkubwa wa nyumba zamu ya asubuhi. Na kama ukifikiria wiki kumi za namna hii unachoka kabla ya kuanza, hakuna ubaya kuulea kama kichaka cha kijani, au kununua mwingine mwakani. Wakulima wenyewe huanza na vipandikizi vipya kila mwaka.

Rangi ya kwanza huonekana baada ya wiki nne au tano, kwenye mishipa na vikonyo vya majani ya juu kabisa. Usiache hapo. Endelea mpaka majani ya rangi yamepanuka na vikombe vidogo vimeonekana katikati, ndipo uusogeze sebuleni na taa ziwake watakavyo. Kama wiki ya sita imepita na ncha zote bado ni za kijani, usikimbilie mbolea. Nenda saa tatu usiku kwenye hilo kabati au jiinamie chini ya boksi, ujifunge humo, usubiri dakika kumi macho yazoee, kisha uangalie. Ukiweza kuona mkono wako, mwanga unapenya. Ziba pale unapotokea na uanze kuhesabu wiki upya. Rangi itapita Krismasi, pengine ikufikie Februari.